SOMO: KIPPRA inafanyaje kazi na mwanafunzi anaingilia mlango gani (hatua kwa hatua)

Habari zenu ndugu na dada. Kila vyuo vikikaribia kufunga napata ujumbe ule ule, ntaenda wapi atachimenti (yale mazoezi ya kazi ya mwanafunzi) na mimi nasoma uchumi, ama takwimu, ama maendeleo ya jamii, benki zote zimejaa. Nikitaja KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, naona wengi hawaijui, na wanaoijua wanadhani ni pahali pa maprofesa tu. Kwa hivyo leo naandika yote, ni refu kidogo, chukua chai kwanza.

HATUA YA 1: Jua ni kitu gani

KIPPRA ni taasisi ya serikali ya Kenya ya kutafiti na kuchambua sera, iko Nairobi. Iliundwa 1997, ikaanza kazi 1999, na baadaye ikapata sheria yake yenyewe, Sheria namba 15 ya 2006. Kazi zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuishauri serikali kwa utafiti. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kujenga uwezo wa watu kuchambua sera. Hiyo ya pili ndio mlango wako wewe mwanafunzi, na imo kwenye sheria kabisa, kwa hivyo ukibisha hodi usijione kama umeenda kuomba msaada.

Kitu cha kukumbuka, KIPPRA haipitishi sera yoyote. Wanaoamua ni mawaziri, bunge na kaunti. Yenyewe inaweka mezani ushahidi, inasema ukifanya hivi gharama ni hii na atakayeumia ni huyu, basi. Nimeona vijana wanaandika barua ya maombi "nataka kubadilisha sera za nchi", sasa mtu anayeisoma anajua hapo hapo kwamba huyu hajui anakoomba.

HATUA YA 2: Fuata safari ya karatasi moja

Hapa nitakaa kidogo manake ukielewa hapa mengine yote ni rahisi.

Utafiti huanza na swali. Swali linaweza kutoka wizarani, Hazina ya Taifa, kaunti, ama watafiti wenyewe waone kuna jambo linakuja. Mtafiti anaandika wazo la utafiti, kurasa chache tu, swali ni lipi, data itatoka wapi, nani ataitumia. Wenzake wanalipitia na kulikosoa, na hapo mengine huanguka. Likipita ndio data inakusanywa, nyingi inatoka KNBS wale wa takwimu za taifa, saa zingine wanaenda mashinani kuhoji watu wenyewe. Rasimu ikitoka inasomwa tena ndani, inapelekwa kwa wataalamu wa nje, na mara nyingi wadau wanaitwa waseme kama yaliyoandikwa yanafanana na wanayoyaona huko kwao. Alafu ndio inachapishwa.

Sasa sikia, waziri hasomi kurasa 60. Ndio maana kazi ndefu hukatwa ikawa muhtasari wa sera, kurasa chache zenye tatizo, ushahidi na mapendekezo. Huo muhtasari ndio unaotembea ofisini. Pia kuna Ripoti ya Uchumi wa Kenya ambayo sheria inawataka waitoe kila mwaka, inaeleza uchumi ulivyokwenda na unakoelekea. Ukitaka kusoma kitu kimoja tu kabla ya kuomba nafasi, soma hiyo ya karibuni, hata kama ni sura moja inayohusu unachosomea.

HATUA YA 3: Tafuta swali dogo la kwenu

Hapa ndio vijana wengi huanguka. Wanakuja na "athari za ufisadi kwa maendeleo Afrika". Hilo halishikiki.

Nitawapa mfano wa viazi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini nenda Kinangop ama Ol Kalou, kule Nyandarua, wakati wa mavuno uangalie magunia yanayopakiwa kwenye lori, bado utaona lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linainama. Mkulima analipwa kwa gunia, hakuna anayepima. Sasa swali la sera ni hili: kanuni ipo, kwa nini haifiki shambani? Ni mizani hakuna? Ni mkulima anaogopa broka, yule dalali anayenunua viazi, ataenda kwa jirani? Ni kaunti haina maafisa? Ama ni kwa sababu kaunti moja ikikaza broka anahamia kaunti ya pili?

Ona vile swali limekuwa dogo alafu limekuwa na meno. Kila jibu linaleta pendekezo tofauti. Kama shida ni mizani, nunua mizani. Kama shida ni broka kuhama, basi kaunti moja peke yake haiwezi, lazima zikubaliane. Hiyo kutenganisha sababu ndio kazi yenyewe ya kuchambua sera, na mtoto wa mkulima wa Nyandarua anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu ambaye gunia ameliona tu soko la Marikiti, Nairobi.

HATUA YA 4: Tafuta data

Anza na za bure. KNBS wanatoa Economic Survey, ripoti ya hali ya uchumi, kila mwaka, kuna sensa ya 2019 (tulihesabiwa watu 47,564,296), na kuna utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022. Zote unapakua kwa simu. Alafu kuna makaratasi ya kaunti yako, ule mpango wa miaka mitano na bajeti zake, humo ndio utajua kama wametenga hata shilingi kwa jambo lako.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwaka wa tatu nilizungushwa na ofisi moja wiki nzima nikitafuta takwimu za maziwa, njoo kesho, mkubwa hayuko, faili iko kwa mwingine, nikakata tamaa nikabadilisha mada. Mpaka leo hiyo inaniuma kwa sababu sikujua kuna sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu. Andika ombi, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipojibu unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na ni bure.

HATUA YA 5: Andika kurasa mbili

Sio tasnifu tafadhali. Usianze na historia ya viazi duniani. Aya ya kwanza tatizo, ya pili ushahidi ulionao, alafu machaguo mawili matatu na gharama ya kila moja, alafu unapendekeza lipi na nani afanye. Kile kipande cha "nani afanye" ndio wengi huacha. "Serikali ifanye juhudi" haimaanishi kitu, taja idara, taja kama ni kaunti ama ni taifa.

HATUA YA 6: Bisha hodi

Milango iko kadhaa. Kuna atachimenti na intanshipu, hizo zinatangazwa kwenye tovuti yao, usitume maombi kupitia mtu anayekuambia ana mjomba huko ndani, na usilipe mtu pesa. Kuna mpango wa wataalamu vijana, huo ni wa mwaka mmoja, unakaa ndani unafundishwa uchambuzi na kuandika karatasi yako chini ya mtafiti mkubwa. Alafu kuna mpango wa ulezi ambapo wao ndio wanafunga safari kuja vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, wanafundisha sera inavyotengenezwa na wanafunzi wanauliza maswali. Wakija chuoni kwenu usikae nyuma na simu. Nenda na zile kurasa mbili umechapisha, mpe mmoja wao mkononi umwambie nimeandika hiki naomba unionyeshe palipo na kasoro. Mtu akiombwa hivyo ni nadra kukataa.

MASWALI YA WANACHAMA

Chebo_wa_Eldy: Mimi nasomea uuguzi, si watanicheka?
Jibu: Hapana dada. Wana idara ya sekta ya jamii inayoshughulikia afya na elimu, zingine ni uchumi mkuu, uzalishaji, miundombinu, utawala, biashara na kadhalika. Wewe umeshika wodi, unajua dawa zikikosekana zinakosekana wapi, ni kwa bohari, ni kwa usafiri ama ni deni la kaunti. Hilo swali mchumi hawezi kulianza bila wewe.

mzee_wa_takwimu: Taasisi inalipwa na serikali, itaikosoa serikali kweli?
Jibu: Swali la haki kabisa. Inakosoa lakini kwa sauti ya chini. Ukisoma "kuna haja ya kuimarisha utekelezaji" ujue imeandikwa kwamba utekelezaji umeshindwa. Angalia majedwali zaidi ya maneno, manake namba haziwekwi sukari. Na usitegemee chanzo kimoja, linganisha na taasisi huru.

Asha_Temeke: Kaka huku Tanzania tuna nini kama hiyo?
Jibu: Dada Asha, huko kuna REPOA na ESRF, zote za tangu miaka ya 90, ila hizo si idara za serikali, zinajitegemea ingawa serikali huzitumia sana. Upande wa serikali wenyewe iko Tume ya Mipango iliyorudishwa kwa sheria ya 2023. Uganda wana EPRC, iko Makerere tangu 1993. Hatua ya 3 mpaka ya 5 zinafanya kazi popote, na lumbesa mnayo pia!

kijana_wa_Kwale: Naweza kuandika kwa Kiswahili? Kizungu changu si kizuri sana.
Jibu: Machapisho yao ni ya Kizungu, hilo sikufichi, kwa hivyo ukiomba nafasi andaa ya Kizungu, mtafute mwenzako akusomee. Lakini maoni ya umma kwa bunge ama kwa kaunti peleka kwa Kiswahili bila wasiwasi, Katiba kifungu cha 7 kinasema ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Na hapo kuna tarehe za kuweka kichwani: ile taarifa ya sera za bajeti ya taifa inafika bungeni kufikia 15 Februari, ya kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Ukileta wazo lako mwezi wa sita umekuta sufuria imeshaoshwa.

Nyokabi_K: Nimependa ya viazi nataka kuifanya kwetu. Naanzaje, broka hawatanifukuza?
Jibu: Usianze na broka. Nenda kwa ushirika ama kikundi cha wakulima, jitambulishe na barua ya chuo, waombe wakuruhusu kupima magunia pale wanapopakia kabla lori halijafika. Tumia mizani ya kuning'iniza, ipime kwanza kwa kitu unachojua uzito wake. Andika kilo, bei aliyolipwa, na kama aliwahi kukataa kujaza lumbesa nini kilimpata. Majina usiandike, weka namba tu. Ukifikisha magunia 40 rudi hapa tuangalie pamoja, mimi nitakusaidia kupanga jedwali.