Jinsi ya kujua nchi ni jamhuri, ni demokrasia, au ni vyote viwili

Hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana kwa sababu kila siku vinatajwa pamoja. Kuvitenganisha sio kazi, una maswali mawili tu, ila usiyajibu kwa mpigo, maliza la kwanza ndo uende la pili.

La kwanza: mkuu wa nchi anapatikanaje? Usiangalie nani anaendesha serikali, angalia nani yuko juu kabisa kikatiba. Kiti kikiwa cha kurithi kisheria, mzazi akifa anakaa mtoto, huo ni ufalme. Kisipokuwa cha kurithi, karibu kila mara ni jamhuri. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, Nyerere waziri mkuu, lakini mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia Elizabeth, huku akiwakilishwa na gavana mkuu Richard Turnbull, na jamhuri ikaja mwaka mzima baadaye, 9 Desemba 1962. Kenya nao hivyohivyo, uhuru 1963, jamhuri 1964.

La pili: wananchi wanaweza kumtoa aliyepo kwa kura, yaani kuna mshindani wa kweli na akishinda anapewa kiti? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni demokrasia. Hapa jina la nchi lisikubabaishe kabisa. Korea Kaskazini kwenye jina lake rasmi imeweka jamhuri na demokrasia vyote, na bado uongozi umetoka kwa babu kwenda kwa baba mpaka kwa mjukuu. Uingereza na Norway wana wafalme, na wananchi wanaangusha serikali kwa kura.

Sasa hili la pili lina utamu wake maana jibu mara nyingi liko nusunusu. Angalia uchaguzi wa Tanzania Bara 1965 chini ya chama kimoja: kwenye urais karatasi ina mgombea mmoja, unapiga ndiyo au hapana, ila kwenye ubunge TANU inaweka wagombea wawili, mmoja alama yake jembe mwingine nyumba, na watu wakawaangusha hata mawaziri, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa waziri wa fedha. Kwa hiyo mimi nashauri upime kila kiti peke yake, urais, ubunge, hadi udiwani, usiipe nchi nzima alama moja.

Ukimsikia Mmarekani anasema "sisi ni jamhuri sio demokrasia", mara nyingi anafuata maana ya James Madison, mmoja wa walioandika katiba ya Marekani, ya mwaka 1787, ambaye demokrasia kwake ilikuwa watu wenyewe kukusanyika na kuamua bila wawakilishi. Kwa maswali yetu Marekani ni jamhuri, na la pili unalipima hivyohivyo kiti kwa kiti.

Ukitaka kujipima chukua Barbados, nchi ya kisiwa huko Karibiani, 30 Novemba 2021 walimwondoa Malkia wakamweka rais Sandra Mason, bunge likabaki lilelile na waziri mkuu yuleyule Mia Mottley. Jibu lililobadilika ni la swali la kwanza tu.