Jinsi ya kupima mgawanyo wa vinasaba vya selimundu Mtwara na Lindi

Mwenye AS si mgonjwa. Amerithi kinasaba cha S kwa mzazi mmoja na cha kawaida kwa mwingine. Mwenye SS, aliyerithi S kwa wote wawili, ndiye mgonjwa wa selimundu. AS hawajasambaa sawasawa nchini: kulikoshamiri malaria kwa vizazi vingi ndiko walikojaa, kwa kuwa S moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo Afrika Mashariki mwaka 1954. Ndiyo maana wastani wa taifa haumsaidii mganga mkuu wa Kilwa au wa Newala kujua ajiandae kwa watoto wangapi wenye SS. Pimeni hukohuko, baada ya kupata kibali cha utafiti na ridhaa ya kila anayepimwa.

Nani apimwe

Takwimu nyingi huharibika hapa, kabla damu haijachukuliwa. Ukipima wodi ya watoto wenye malaria kali utapata AS wachache kuliko hali halisi, maana kinga yao imewazuia kufika wodini. Ukipima waliolazwa kwa upungufu wa damu, SS watajaa kupita kiasi. Hospitali za rufaa kama Ligula na Sokoine hupokea watu wa kila upande, kwa hiyo hazielezi eneo lolote moja.

Kundi zuri ni wajawazito wanaofika kliniki kwa mara ya kwanza, kwenye zahanati na vituo vya afya. Kinasaba hiki hakifuati jinsia, hivyo kupima wanawake tu hakupotoshi kiwango cha AS. Chukua mtu mmoja kwa kila kaya, wala usipime dada wawili. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi minne mwache, kwani utakuwa unapima na damu ya aliyemchangia.

Muulize pia bibi zake wa pande zote mbili walizaliwa wapi. Msimu wa korosho watu huhama, wavuvi hufuata samaki, na wengi wana asili ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Usipoandika asili utasema ni kiwango cha Tandahimba, kumbe umepima wageni wa msimu.

Idadi

Anza na makadirio kuwa AS ni asilimia 15, ukiruhusu kukosea kwa asilimia 3 juu au chini: 1.96² × 0.15 × 0.85 ÷ 0.03² ni watu 545 (1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95). Wa zahanati moja mara nyingi ni ndugu, kwa hiyo zidisha mara mbili: 1,090 kwa kila eneo unalotaka takwimu zake. Zahanati 30 zenye watu 36 au 37 kila moja ni bora mno kuliko zahanati 5 zenye watu 218.

Kipimo

Yeyusha gramu 0.2 za sodiamu metabaisalfaiti, dawa inayoondoa oksijeni ili chembe zenye S zijipinde, katika mililita 10 za maji yaliyokenekwa. Changanya tone moja la damu na matone mawili ya dawa hiyo kwenye slaidi, funika, ziba kingo kwa vaselini hewa isipenye. Soma kwa hadubini baada ya dakika 30. Usipoona chembe zilizojipinda kama mundu, soma tena baada ya saa 2, kisha saa 24.

Dawa iliyolala haifai. Hewa huiharibu, na majibu yote yanatoka hasi bila dalili yoyote ya kasoro. Itengeneze kila asubuhi, na uanze na damu unayojua ni AS na nyingine unayojua ni AA, yaani isiyo na S. Kichanga wa chini ya miezi sita usimpime hivi, himoglobini ya utotoni huficha S.

Slaidi haitofautishi AS na SS. Kila damu chanya, pamoja na sehemu ya kumi ya zilizo hasi, ipelekwe kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, ikiwa kwenye chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), nyuzi 2 hadi 8, bila kugeuka barafu. Kwa AS, A huzidi S, na S mara nyingi ni asilimia 35 hadi 40.

Hesabu

Tuseme kati ya watu 1,000 umepata AS 140, yaani asilimia 14. Nafasi ya wazazi wote wawili kuwa AS ni 0.14 × 0.14, na robo ya watoto wao huwa SS: 0.0049, kama watoto 5 kwa kila vizazi hai 1,000. Usikadirie idadi hiyo kwa kuhesabu SS watu wazima, kwa sababu wengi hufariki wakiwa wadogo.

Ukiunganisha maeneo, zingatia idadi ya wakazi. Halmashauri yenye watu 200,000 na AS asilimia 10, ikiunganishwa na yenye watu 50,000 na asilimia 20, inatoa 12. Anayetoa 15 amejumlisha na kugawa kwa mbili tu.

Majibu mpe mhusika peke yake, faraghani, umweleze kwamba AS si ugonjwa na kwamba mwenzi wake naye apime kwa hiari yake. Usiwapime baba na mtoto pamoja kwa ajili ya ramani tu: majibu yanaweza kufichua kuwa mtoto si wake, na ndoa ikavunjika kwa jambo ambalo utafiti haukulihitaji.