Kuta za mbao za wima: hesabu fito kabla ya kununua

Kwa anayepanga kujenga nyumba ya mbao za wima, zile ambazo maungio yake hufunikwa kwa fito (vipande vyembamba vya mbao), nashauri bajeti ianzie kwenye vipimo vya ukuta na si kwenye bei ya futi moja ya mbao. Ukuta wa urefu wa futi 20 na kimo cha futi 9, ukitumia mbao za upana wa inchi 8 zilizoachiana nusu inchi, unahitaji mbao 29, yaani futi 261, pamoja na fito 28 ambazo ni futi 252 nyingine. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea. Fito ndizo husahaulika, pamoja na mbao za kulala ndani ya fremu ambazo mbao za wima hupigiliwa.

Ningechagua saiprasi iliyokauka, kwa kuwa kiini chake hustahimili mchwa na uozo kuliko paina isiyotiwa dawa. Mbao mbichi hunywea upana zinapokauka, na ndiyo maana msumari wa ufito unapaswa kupita kwenye pengo pekee: nimeona ukuta ambao fundi alipigilia kila ufito kwenye mbao za pande zote mbili, na baada ya kiangazi kimoja mbao zilikuwa zimepasuka kutoka juu hadi chini, sambamba na misumari.

Ncha za chini zipakwe rangi na ziishie sentimita 20 juu ya ardhi.