Kuonja mvinyo wa Jura bila kujiaibisha

Ukifika Arbois, mji wa eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa, usiende kwa mtengenezaji mdogo bila kupiga simu. Mara nyingi anayekumiminia mvinyo ndiye huyo huyo anayepogoa mizabibu. Mimi nilikuta mlango umefungwa, mwenyewe yuko shambani.

Anza na mvinyo mwekundu. Ndiyo, huku mwekundu huutangulia mweupe: kwanza wa zabibu za Poulsard, uliopauka hata ukadhani ni rozé, yaani mvinyo wa waridi, kisha wa zabibu za Trousseau, wenye ukali kidogo wa pilipili. Pinot Noir na Chardonnay huenda unazijua, pita haraka.

Savagnin, zabibu nyeupe ya huku, ndiyo hasa iliyonileta. Katika vin jaune, yaani “mvinyo wa manjano” unaotokana nayo, pipa haliongezwi mvinyo unapopungua. Utando wa hamira huota juu na kuulinda, nao hukaa hivyo miezi 60 au zaidi. Chupa yake, clavelin, ina sentilita 62. Inasemekana ndicho kinachobaki katika lita moja baada ya muda huo wote. Usiunywe baridi sana, nyuzi 14 hadi 16 zinatosha. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, tema, kisha ngoja: ladha ya jozi hurudi yenyewe. Mara ya kwanza nilidhani umeharibika! Uonje tena na kipande cha jibini ya Comté kabla hujaukataa.