Kuongoza sauti ya MIDI kwa mkono

Wimbo wa MIDI (maagizo ya noti, si rekodi ya sauti) ukichezwa na laptopu, ala za nyuzi hutoka na nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Hapa tunaweka sensa ya umbali, kiganja kikipanda sauti inapanda.

Utahitaji Pro Micro, bodi ndogo ya aina ya Arduino yenye chipu ya ATmega32U4, sensa ya VL53L0X, nyaya 4 na kebo ya USB inayopitisha data, si ya kuchaji tu. Vitafute Luthuli Avenue, Nairobi. Ukiuziwa Arduino Uno badala yake, kataa. Kompyuta haitaiona kama kifaa cha MIDI bila ujanja wa ziada.

Hatua ya 1. VIN kwa VCC, GND kwa GND, SDA kwa pini 2, SCL kwa pini 3.

Hatua ya 2. Pakia maktaba ya MIDIUSB na ya VL53L0X. Geuza umbali wa mkono uwe namba ya sauti ya MIDI: milimita 60 iwe 20, milimita 460 iwe 127. Usianzie 0, wimbo utakatika kila ukishusha mkono.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi hukwama. Vipimo hutetemeka hata mkono ukitulia, kwa hiyo vilainishe:

thamani = thamani + 0.25 × (kipimo − thamani)

Kipimo hapa ni namba ya Hatua ya 2, si milimita. Thamani iwe float (namba yenye desimali). Ukitumia int (namba nzima) desimali hukatwa, na ukipandisha mkono utaishia 124. Kadiria hadi namba nzima wakati wa kutuma tu.

Hatua ya 4. Tuma CC 11 (CC ni ujumbe wa MIDI wa kudhibiti sauti; 11 ni wa nguvu ya uchezaji), tena namba ikibadilika tu. CC 7, sauti ya jumla ya ala, iache kwa kusawazisha ala. Umbali ukipita milimita 460, mkono umeondoka: shikilia thamani ya mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyuzi zinapungua sauti lakini bado zinasikika kali. Mbona?*
CC 11 hupunguza ukubwa wa sauti tu. Ala nyingi za okestra hubadilisha rekodi laini na kali kwa CC 1. Tuma zote mbili.

*Mchana karibu na dirisha namba zinaruka ovyo.*
Sensa hutumia mwanga wa infraredi, na jua linao tele. Funga pazia au hama dirishani.

*Naweza kuweka sensa mbili, moja ya tempo?*
Ndiyo, ila zote huamka na anwani 0x29. Zima moja kwa pini ya XSHUT, ipe nyingine anwani mpya, kisha washa ya kwanza. Rudia kila umeme ukikatika, maana anwani haihifadhiwi.