Flaiwili nyepesi kwenye 2JZ: bolti kwanza, kilo baadaye

Mtu akinunua flaiwili nyepesi (gurudumu la chuma nyuma ya injini, klachi hukaa juu yake), swali lake la kwanza ni kilo ngapi. Habari ya bolti haulizi. Kisha gari inarudi gereji.

Niliwahi kuletewa Mark II yenye 2JZ, injini ya Toyota, iliyokuwa ikigonga chini, tok tok tok, injini ikizunguka polepole bila mguu kwenye mafuta. Mwenyewe alishaambiwa beringi za koneki rodi zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Nikakanyaga klachi, mlio ukabadilika. Tuliposhusha giaboksi, bolti tatu za flaiwili kati ya nane zilifunguka kwa vidole. Zilikuwa bolti za zamani, zimerudishwa bila gundi na kukazwa kwa mashine ya upepo.

Vipimo vya hapa ni vya 2JZ. Injini yako ikiwa nyingine, utaratibu ni huu huu ila namba utazitoa kwenye kitabu chake.

Hatua ya 1: Pima bolti kabla hujafungua chochote

Bolti zinafuata flaiwili, hazifuati injini. Gari nyingi za 2JZ zinazotufikia kutoka Japani ni za otomatiki, na bolti zinazoshika lile bati jembamba la otomatiki, linalokaa mahali pa flaiwili, ni fupi. Ukibadilisha gari kuwa ya gia za mkono ukazitumia kwenye flaiwili nene, zitashika nyuzi chache tu. Mkononi utahisi zimekaza vizuri.

Urefu nao una kasoro yake. Bolti ikigota mwisho wa tundu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) italia na utaridhika, kumbe flaiwili yenyewe haijabanwa.

Pitisha bolti mpya kwenye flaiwili mpya ukiwa bado mezani, kisha pima kwa venia, rula ya kubana, sehemu inayotokeza nyuma. Isipungue unene wa bolti yenyewe, yaani bolti ya milimita 12 itokeze milimita 12 au zaidi, na isizidi kina cha tundu kwenye kranki, ile shafti ya injini inayozungusha flaiwili. Flaiwili ya alumini hukaa bolti zake juu ya pleti ya chuma kigumu. Hiyo pleti uihesabu kwenye kipimo, na usiiache dukani.

Nunua bolti nane mpya. Za kiwandani hukazwa kwa toki (nguvu ya kukaza iliyopimwa) halafu kwa nyuzi za duara (digrii), maana yake zinavutwa makusudi zirefuke kidogo. Iliyokwisha kuvutwa mara moja sitaki kuivuta tena, kwa bei yake ile ndogo ukilinganisha na kazi ya kushusha giaboksi.

Na wanaopeleka flaiwili ya kiwandani kwa fundi wa kukereza ili ipunguzwe uzito: chuma cha kusubu kikikonda kinaweza kupasuka injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, na vipande vyake hupita sakafuni mwa gari, palipo na miguu yako. Nunua iliyotengenezwa kuwa nyepesi, na ikiwa ina alama ya usalama ya mashindano, SFI 1.1, vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Shusha

Ondoa waya hasi wa betri, propela shafti, stata, halafu giaboksi ikiwa juu ya jeki yake. Legeza presha pleti, ile inayobana klachi pleti, kidogo kidogo kwa mpango wa msalaba (bolti moja, kisha iliyo mkabala nayo) ili isipinde.

Hatua ya 3: Fungua za zamani

Zuia flaiwili kwa kifaa cha kushika meno yake. Bisibisi iliyochomekwa kwenye meno huvunja jino, na jino hilo utalisikia kila asubuhi ukipiga stata. Bolti moja iache ikiwa imelegea tu mpaka mwenzako ashike flaiwili vizuri. Ya kiwandani ni nzito, na vidole havioti tena.

Hatua ya 4: Safisha, na usiwe na haraka

Kwanza angalia sili ya nyuma ya kranki. Ikivuja, badilisha sasa.

Matundu yatakuwa na gundi kavu ya zamani. Usiyapitishie tapu ya kukata nyuzi, inakula chuma. Chukua bolti mojawapo ya zamani, ichane mfereji kwa grinda kwa urefu wa nyuzi, ondoa ncha kali, kisha izungushe kwa mkono ndani ya kila tundu. Gundi yote itatoka kupitia ule mfereji. Malizia kwa breki klina na upepo.

Uso wa kranki na mgongo wa flaiwili viwe vikavu kabisa: rangi isiwepo, grisi isiwepo. Nguvu ya injini hupita kwa msuguano wa nyuso hizo mbili, na kazi ya bolti ni kuzibana tu. Nyuso zikiteleza, bolti zinaanza kukatwa kwa ubavu.

Hatua ya 5: Kaza

Paka gundi ya nyuzi kwenye nyuzi mbili tatu za mwisho. Inazuia bolti isilegee na, pale tundu linapotokea ndani ya injini, inazuia oili isipite kwenye nyuzi ikaishia kwenye klachi pleti.

Ingiza zote nane kwa mkono. Kaza kwa msalaba, mara mbili au tatu, hadi 49 Nm (nyutoni mita, kipimo cha toki). Tia alama ya rangi upande mmoja wa kila kichwa, kisha zungusha kila bolti nyuzi 90 za duara, yaani robo mzunguko. Alama zote zikielekea ulikokusudia, hujaruka hata moja.

Kwa nini toki peke yake haitoshi? Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako huliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye nyuzi, na takribani sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayobana. Ukizungusha kwa nyuzi za duara, bolti inavutika kiasi kile kile hata kama msuguano unatofautiana.

Bolti za kampuni ya ARP na nyingine za mashindano zina karatasi yake na mafuta yake. Fuata hiyo karatasi, usichanganye na 49 na 90.

Hatua ya 6: Pima na ufunge

Weka saa ya kupimia kwenye uso wa flaiwili na uzungushe kranki. Kuyumba kusizidi milimita 0.1. Kukizidi, fungua, mara nyingi utakuta uchafu nyuma. Weka klachi pleti katikati, presha pleti ukaze 19 Nm kwa msalaba. Gundi ipe muda wake wa kukauka ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kuwasha.

Ukiiwasha, gia ikiwa huru, huenda ukasikia mchakacho mwepesi unaopotea kabisa ukikanyaga klachi. Hayo ni meno ya giaboksi, utazoea. Lakini mlio ukiwa mzito, ukabadilika bila kuisha, na ukagonga tena wakati unazima injini, gari isitoke hapo: giaboksi ishuke siku hiyo hiyo.