SOMO: Farasi ana 111 kwenye karatasi, mbona leo kawa wa saba?

Wakuu, salaam kutoka Kirumba. Naandika hili kwa sababu inaniuma kuona kijana anaweka hela ya nauli kwenye kamari ya mbio za farasi kwa kusoma tarakimu tatu tu. Nami yalishanikuta. Mbio ninazozungumzia ni za Uingereza.

Hatua ya 1: Tazama daraja. Mbio za tambarare, zisizo na vizuizi vya kuruka, zina madaraja 7. La 1 ndilo la juu. Tarakimu zilizo pembeni ya jina kwenye karatasi ya mbio zinakwambia farasi alimaliza wa ngapi, mbio za karibuni zikiwa kulia. Hazikwambii alikimbia na akina nani. Mwenye 111 huenda alikuwa anawapiga wanyonge wa daraja la 6. Mwenye 087 huenda alikuwa anahangaika na vigogo wa daraja la 2 (hiyo 0 ni nafasi ya 10 au nyuma zaidi).

Hatua ya 2: Tazama uzito. Hapa tulieni, ndipo wengi tunapoliwa.

Nenda Mwaloni asubuhi uangalie wabebaji wa dagaa. Mmoja ana gunia moja, mwingine kabeba mawili, wametoka pamoja kwenye mtumbwi. Mwenye gunia moja akitangulia kufika kwenye gari, utasema ndiye mwenye nguvu?

Mbio za hendikapu, yaani zile ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, ziko hivyo, ila ni kwa makusudi. Kila farasi ana alama za uwezo wake, na alama 1 ni ratili 1, kama gramu 450. Mwenye alama 85 akikutana na mwenye 75, anabeba ratili 10 zaidi yake. Joki (mpanda farasi) akiwa mwepesi, vipande vya madini ya risasi huongezwa kwenye tandiko mpaka uzito utimie.

Mfano mkubwa ni Grand National ya 1973, mbio za hendikapu za kuruka vizuizi, kule uwanja wa Aintree. Farasi Crisp alibeba ratili 168, mwenzake Red Rum 145. Tofauti ni zaidi ya kilo 10. Crisp aliongoza kwa mbali, akaishiwa pumzi kwenye mita za mwisho, akapitwa kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Karatasi ikaandika 2. Hiyo 2 naiheshimu kuliko 1 nyingi nilizowahi kuziona.

Hatua ya 3: Fuata alama, si nafasi. Farasi akishinda, alama hupanda. Akifungwa mfululizo, hushuka. Yule wa 087 akishushwa mpaka daraja la 4, anakuja na uzito mdogo kuliko ambao alama zake za zamani zingempa, na uwezo ambao pengine bado anao. Pengine, nasema. Wapo wanaoshuka kwa sababu wamezeeka au wametoka kuumia, kwa hiyo angalia umri na alipumzika muda gani.

Umbali na hali ya uwanja, mkavu au wenye tope, navyo vitazame. Nitaviandikia somo lake.

MASWALI

*Igoma:* Mkuu, farasi kashinda juzi na leo anakimbia tena. Alama mpya zimeshaingia?
Mara nyingi bado. Badala yake huongezewa uzito wa adhabu. Ukiona adhabu hiyo ni ndogo kuliko alama atakazopandishwa, basi leo yuko na nafuu.

*Sengerema:* Shikamoo kaka. Kuna joki nimeona amepunguziwa ratili 5, kwa nini?
Marahaba. Huyo ni mwanafunzi. Hupunguziwa 7, 5 au 3 kutegemea ameshinda mara ngapi. Kadiri anavyoshinda, nafuu inapungua.

*Buswelu:* Utajuaje Crisp alikuwa bora? Si alifungwa?
Alifungwa, ndiyo. Lakini Novemba ya mwaka huohuo walikutana tena kwenye uwanja wa Doncaster kwa uzito sawa, na Crisp akamshinda kwa urahisi. Red Rum naye msimdharau: mwaka 1974 pale Aintree alibebeshwa yeye zile ratili 168, akashinda.